Ile Si Sauti Yako, Baba Terezia

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa mpiga besi katika bendi ya rege ya Mzee Anselmo hapa mtaani kwetu Chuno. Mchana alikuwa kuli bandarini, akibeba magunia ya korosho. Jioni aliimba, na sauti yake nzito ilikuwa na joto la kumtuliza hata mfiwa. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na wimbo wake mkubwa ulikuwa wa mama yake na safari ile. Aliuimba taratibu, kama anayezungumza na mtu mmoja.

Siku hiyo alikuja promota kutoka Dar es Salaam, akitafuta bendi ya kurekodi kaseti. Kabla hatujaanza akamwambia Mzee, "Vijana wanataka kuruka. Kaza mwendo, na sauti ipandishe."

Mzee akakubali. Usimlaumu, mgongo wake ulishachoka kwa magunia. Akaimba mbiombio mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Vijana wakaruka kweli, wakapiga miluzi. Mimi nikajiona nimeshafika Dar.

Tulipopumzika, mkewe, Mama Terezia, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga mlangoni, akaja mpaka jukwaani.

"Baba Terezia, wimbo wa mama yako umeuimba kama mtu anayenadi samaki."

Promota akacheka. "Mama, watu wamefurahi."

"Wamefurahi, nimewaona. Lakini ile si sauti yake."

Wanaume wengi wa rika la Mzee wangemfokea mke mbele za watu. Yeye akafuta jasho, akauliza, "Nimeharibu sana?"

"Sana. Hata mimi sikukutambua."

Akarudi kwenye maikrofoni, akatuomba tuanze upya, polepole. Baadhi ya vijana wakatoka. Makuli wenzake wakaanza kuitikia kwa sauti ya chini, na mama mmoja wa Kimakua akalia waziwazi. Promota akaondoka wimbo haujaisha.

Kaseti hatukurekodi. Mzee alibeba magunia mpaka akastaafu. Niliwahi kumuuliza kama anajuta. Akasema mgongo ukimuuma anajuta kidogo, ila akiimba hajuti.

Mwanangu, wa kukusifu hawatakosekana. Wewe mshike yule anayekujua tangu hujasifiwa, na akikwambia umeharibu, usimfokee. Muulize ni wapi. Mungu akujalie mtu wa namna hiyo nyumbani mwako, na akupe moyo wa kumsikiliza.