Nilikata Pua ya Mtumbwi wa Mama Nyota

Nimekosa. Nalitanguliza hilo kwa sababu najijua. Nikianza na sababu zangu, nitamaliza nikiwa mtu mwema, na siku ile sikuwa mtu mwema.

Mimi ni mwanamke wa Ujiji. Jina langu liache lilivyo. Wakati huo nilikuwa nimeachika, nalea watoto wawili, na kazi yangu ilikuwa kununua samaki aina ya migebuka mwaloni, ufukweni inaposhukia mitumbwi, kuwakausha kwa moshi na kuwauza sokoni. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Warundi walikuwa wameshakuja kwa wingi, na sasa Wazaire nao walikuwa wanavuka ziwa. Asubuhi ukishuka mwaloni unakuta familia zimekaa mchangani na masufuria yao na magodoro yaliyolowa, zinasubiri malori ya kuzipeleka kambini. Tulizizoea. Nadhani hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia, kwenye kuzoea.

Shida yangu ilikuwa wenye mitumbwi. Kila mmoja alikuwa na wateja wake, mimi napewa samaki waliobaki, waliopondeka. Na nyumbani nilikuwa na mdogo wangu Ramadhani, mvuvi hodari asiye na chombo, anavua kwa vibarua. Siku moja nikamwambia, "Rama, nikinunua mtumbwi wangu mwenyewe, utanivulia?"

Akacheka. "Dada, wewe nunua tu. Mimi nitalala humo humo."

Hela yangu ilikuwa ndogo, na mtumbwi mpya wa kuchongwa sikuuweza. Ramadhani akanifundisha kuchagua. Akasema nisitafute wa kupendeza macho, nitafute usiovuja, ambao mtu mmoja anaweza kuupiga kasia peke yake na wawili wakauburuta mpaka nchi kavu. Tukazunguka mialo, Ujiji mpaka Kibirizi.

Wa kwanza ulikuwa umepakwa lami mpya chini. Nikaupenda kwa kuwa ulikuwa unang'aa. Ramadhani akatoa kisu, akachoma taratibu, kisu kikazama kama kwenye muhogo uliooza. "Mtu hapaki lami mpya kwenye mtumbwi wa zamani bila sababu," akaniambia kwa sauti ya chini. Mwingine ulikuwa mzima lakini mkubwa, unataka watu wanne, na hao wanne nani atawalisha? Mwingine tena ulikuwa mwembamba mno. Aliingia, akaketi, akageuka kushoto tu kuniita, ukamtupa majini watu wote wakicheka.

Nilikuwa nimeshakata tamaa tulipomkuta Mama Nyota.

Alikuwa ameketi pembeni ya mtumbwi wake pale mwaloni kwetu, amempakata binti yake Nyota, mtoto wa miaka kama mitatu. Mtumbwi ulikuwa wa mti mgumu, umechongwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Ramadhani aliugonga ubavuni kote, akaukalia, akauyumbisha kwa makusudi, haukutaka kupinduka. Pua yake, ile ncha ya mbele, ilikuwa ndefu kuliko ya mitumbwi yetu, imeinuka juu kidogo, na imezungushiwa pete mbili za kuchonga. Ramadhani akaniangalia tu. Nikajua ndio huu.

"Unauza, mama?" nikamuuliza.

"Nitauzisha," akasema. "Kambini hakuna ziwa."

Alitaja bei. Ilikuwa ya haki, lakini ilinizidi. Nikamwambia nilichonacho. Akamtazama mtoto, kisha akasema, "Nitakupunguzia. Lakini nina neno. Bwana yangu ndiye aliyeuchonga. Risasi zilipoanza alirudi mulimani kumuchukua mama yake, akaniambia nitangulie na mutoto, yeye atafuata. Hajui niko wapi. Lakini akivuka, kitu cha kwanza atatafuta ni hii mutumbwi. Hii pua ataijua kati ya mitumbwi yote. Sasa mama, pua usiikate, rangi usipake, na mchana uache hapa mbele batu bauone. Akija, mwambie tuko kambini, salama."

Nikampa mkono. Nikaapa kwa Mungu mbele ya Ramadhani. Sikuona ni kiapo kigumu, pua ndefu ilinizuia nini? Nilikuwa nafurahia bei. Jioni ile lori lilimchukua yeye na Nyota, akanipungia mkono mpaka wakapotea.

Ramadhani akaanza kuvua. Nyumba yetu ikabadilika. Nikawa nakausha samaki wakubwa, wazima, na wenye mitumbwi waliokuwa wananipita sasa wananisalimia. Watoto wakapata sare. Nikaanza kuitwa mama mwenye chombo, na jina lile lilininogea kuliko nilivyokiri.

Kisha maneno yakaanza mwaloni. Jirani yangu alikuwa amenunua mtumbwi kwa mkimbizi, baadaye akatokea kaka wa yule mkimbizi akasema ni wake, ukazuka ugomvi, na jirani akapoteza chombo na hela. Watu wakawa wanasema, "Ukinunua kwa Mzaire, jiandae, mwenye mali atakuja." Nikaanza kukosa raha. Yule mwanamke aliniuzia, sawa, lakini mtumbwi ni wa mumewe. Je, akija akasema mke hakuwa na ruhusa?

Ramadhani alikuwa amekwenda Kalinzi kwenye msiba wa ukweni kwake. Mtumbwi ulikuwa umelala mchangani bila kazi. Asubuhi hiyo mwanamke mmoja muuza uji akaniambia kuna Mzaire Kibirizi anapita kwenye mitumbwi mmoja mmoja, anashika pua ya kila mmoja kama kipofu.

Sikufikiria Nyota. Sikufikiria kiapo. Nilifikiria mtumbwi wangu.

Nilimwita fundi na msumeno wake. Pua ile ilikuwa gogo zima, haikuchimbwa ndani, kwa hiyo kuikata hakukuharibu chombo. Alikata kwa saa chache tu, akalainisha, akapaka rangi ya kijani kutoka mbele hadi nyuma. Akaniuliza, "Mama, mbona kitu kizuri hivi?" Nikamwambia ilikuwa inanasa nyavu. Kile kipande chenye pete mbili nilikichoma kwenye moto wa samaki.

Kesho yake akaja.

Alikuwa mtu mrefu, amekonda, miguu imepasuka. Nilikuwa nageuza samaki. Akanisalimia kwa adabu, akaomba maji. Nikampa. Akaketi chini, na mgongo wake akauegemeza kwenye ule mtumbwi. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamshika begani.

Akaniambia anatafuta mtumbwi wenye pua ndefu, pete mbili. Akachora mchangani kwa kidole. "Ndani alikuwamo mke wangu na mutoto mudogo," akasema. "Ofisini nimeuliza, wanasema batu ni wengi, majina yamechanganyika, nisubiri. Lakini mutumbwi hauwezi kuchanganyika. Uliuona, mama?"

"Sijauona," nikasema.

"Hata siku moja?"

"Hapa Ujiji haujafika."

Akasema siku mke wake na mtoto walipovuka upepo ulikuwa mkali, na wenzao walimwambia kuna mitumbwi ilipinduka katikati ya ziwa, yeye akakataa kuamini kabla hajapita mwambao wote. Sasa amepita. Huku kwetu ndiko alikokuwa amebakiza.

Wakati anasema, mkono wake ulikuwa unapapasa ubavu wa mtumbwi. Ukasimama. Akageuka, akautazama. "Huu mti ni wa kwetu," akasema.

"Nimeununua kwa fundi wa hapa," nikajibu, na niligeuka kwenye samaki ili asinione uso.

Nikasubiri anibane, nikatayarisha maneno ya ukali. Hakunibana. Alisema tu, "Basi walizama." Akashuka majini, akanawa uso, akanawa tena, na mabega yake yakawa yanatikisika. Watu walikuwa wanapita na ndoo zao. Mimi nilisimama hatua chache nyuma yake, nikiwa na neno moja tu la kusema, kambini, wako salama. Neno fupi kiasi kile. Sikulisema.

Aliporudi alinishukuru kwa maji. Nikasikia baadaye kwamba aliomba lifti kwenye boti la mizigo akarudi upande wa pili wa ziwa.

Ramadhani alirudi kutoka Kalinzi akakuta mtumbwi wa kijani. "Dada, umefanya nini?" Nikamwambia pua ilipasuka kwa jua. Siku ile hakula kwangu.

Mvua zilipokaribia, Mama Nyota akaja mwenyewe na ruhusa ya kambi, amembeba Nyota mgongoni. Aliniletea maharage kidogo ya mgao wao, yamefungwa kwenye kitambaa. Ramadhani alikuwa pale, anashona wavu. Mama Nyota akautazama mtumbwi kwa muda mrefu kabla hajasema.

"Mama, nani alikata?"

"Ilipasuka," nikasema. "Fundi akasema itaharibu chombo chote."

"Bwana yangu hakupita?"

"Hakupita."

Akatikisa kichwa polepole. "Si kitu," akasema, kana kwamba mimi ndiye wa kutulizwa. "Labda bado yuko njiani." Akanikabidhi maharage yale kwa mikono miwili, na mimi nikayapokea. Hilo nalo naliungama. Niliyapokea, na tuliyala.

Alipoondoka, Ramadhani akaweka wavu chini. Alikuwa ameshasikia habari za yule Mzaire aliyekuwa akishika pua za mitumbwi, maana mwaloni hakuna siri. "Alifika hapa?" akaniuliza.

Nikafunga upya kile kitambaa cha maharage.

"Dada. Alifika hapa?"

"Alifika."

"Ukamwambiaje?"

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini, labda nilichoka. Ramadhani alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasimama, akachukua kasia, akalilaza ndani ya mtumbwi vizuri kama anavyolazwa mtoto. "Mimi nilikuwa shahidi wa kiapo kile," akasema. "Sitavua humo tena." Akaenda. Alirudi kwenye vibarua, kwenye mitumbwi ya watu wanaomdhulumu, akaona ni afadhali huko.

Nilitafuta wavuvi wengine, wakaniibia, wakaniharibia chombo, lakini hayo si kitu. Kilichonitesa ni kwamba kila mtu mrefu akishuka mwaloni nilijificha nyuma ya moshi wangu. Usingizi ukanikimbia. Nikaanza kuwagombeza watoto bila kosa.

Masika yalipokwisha nilipanda lori la mahindi nikaenda kambini. Nilimkuta Mama Nyota anachambua mchele. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi sitaweza. Nilidhani atanipiga. Alisikiliza, akauliza jambo moja tu. "Alikuwa anatembea vizuri? Mguu wake mumoja huwa unauma." Nikamwambia alitembea vizuri. Akasema, "Asante," kisha akaniomba niondoke.

Kule kambini kulikuwa na watu wanaopeleka ujumbe kwa ndugu waliopotezana. Mama Nyota akapeleka. Nilirudi tena baada ya miezi kadhaa, ingawa hakuniita, na nikakuta jibu limeshafika.

Mumewe alikuwa hai. Aliporudi kwao alitangaza msiba. Akanyoa nywele, akaketi matanga na mama yake, wakamlilia mke na mtoto kama inavyopasa. Yalipokwisha, wazee wakamwambia mtu haishi peke yake, wakamtafutia mwanamke, naye sasa ana mimba.

"Yeye hana kosa," Mama Nyota aliniambia. Hakuwa analia. "Alitulilia. Alitulilia mpaka akamaliza." Akanikazia macho. "Na wewe ulimuona analia?"

"Nilimuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nikamwambia mtumbwi ni wake, nitauleta popote, nitauuza nimletee hela, atakavyo yeye. Akakataa. "Mutumbwi niliuzisha," akasema. "Ni wako." Akamwita Nyota aje ale, na wakala mbele yangu bila kunikaribisha. Katika miaka yote niliyoishi karibu na Wakongo sijawahi kuona wanakula bila kukaribisha mtu.

Sijamwona tena. Nilisikia walihamishiwa kambi nyingine, baadaye nikasikia wamerudi kwao, kwa nani na kwa maisha gani sijui. Ramadhani ananisalimia, anawalea wanangu kama wake, lakini mwaloni akiniona anapita upande wa pili. Nami nilikuja kuachana na biashara ya samaki. Sasa nauza vitenge.

Nimeandika haya kwa sababu najua mahali fulani sasa hivi kuna mtu anatafuta chombo chake cha kwanza na hela haitoshi, na mbele yake kuna mtu aliyekimbia vita anayeuza kwa bei ya chini. Nunua, si dhambi. Lakini akikupunguzia kwa ahadi, jua kwamba ahadi ile ndiyo sehemu ya bei uliyoshindwa kulipa, na bado unadaiwa. Na mtu akija kukuuliza walipo watu wake, nawe unajua, mwambie palepale, kabla hujafikiria kitu chako. Ukishaanza kufikiria utanyamaza kama mimi, naye atakwenda kuwazika watu walio hai.