Tulipokwenda Kuwauliza Walioacha Chuo

Wakimbizi walipozidi kuingia kutoka Rwanda kupitia mpaka wa Rusumo, darasa langu la ushonaji lilianza kupwaya. Nilikuwa nafundisha katika chuo cha wananchi wilayani Ngara, majengo machache ya matofali ya kuchoma yaliyopokea vijana wa Ngara na wa Biharamulo. Wavulana waliojua Kiswahili cha kutosha waliajiriwa na mashirika ya misaada kule kambini, wakawa walinzi wa maghala, wagawaji wa maji, wakalimani. Hilo tulilielewa. Wasichana ndio waliotushangaza. Hawakuajiriwa popote, na bado vyerehani vilikaa bila watu.

Mkuu wetu wa chuo alikuwa mtu mpole, mpenda utaratibu. Alituita bwaloni akatuambia tusikisie tena, tufanye utafiti. Tulijua ana lake moyoni: alitaka kujengewa bweni la wasichana, na aliamini kuwa wanaacha masomo kwa sababu ya umbali. Akaandika dodoso mwenyewe, likadurufiwa kwa wino uliopaka vidole vyetu vyote. Lilianza na jina, likafuata kabila na mahali familia ilikotoka, likaishia kwa swali la kama bweni lingemsaidia msichana kumaliza masomo.

Nilipangwa na mwalimu wa useremala, mwenyeji wa Ngara, mtu mzima niliyemwamkia kila asubuhi. Mimi ni Msukuma, na Kihangaza, lugha ya huko, nilikuwa nakisikia nusunusu tu, kwa hiyo nilifurahi kuwa naye. Tulichukua baiskeli za chuo tukaenda vijiji vya Kanazi.

Kijiji cha kwanza tuliwakuta watu wanatungoja na magunia. Habari ilikuwa imetutangulia kwamba kuna walimu wanaandikisha, na miaka ile kuandikishwa kulimaanisha mahindi na mafuta ya kupikia. Mama mmoja alitutajia watoto wengi hata mwenyewe akasahau majina ya baadhi yao. Mwenzangu alipoeleza kwamba hatuna chakula, tumekuja kuuliza habari za chuo, magunia yalikunjwa polepole na watu wakarudi mashambani. Waliobaki walitujibu kwa adabu. Chuo ni kizuri. Walimu ni wazuri. Bweni ni zuri pia.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mzee mmoja ambaye familia yake ilitoka Rwanda zamani, kabla ya wakimbizi hawa wapya. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu, akaacha katikati ya mwaka. Tulimwamkia, tukapewa vigoda chini ya upenu. Nikauliza swali la kwanza, akajibu. Nikauliza walikotoka.

"Hapa," akasema.

"Na kabla ya hapa, mzee?"

"Andika hapa hapa, mwalimu. Migomba hii niliipanda mimi."

Hakukasirika. Alisimama tu, akasema ana mbuzi wa kuhamisha, akaondoka. Mwenzangu alichukua karatasi mikononi mwangu akaikunja.

"Siku hizi," akaniambia, "anayemuuliza mtu alikotoka ni yule anayetaka kumrudisha."

Tulikuwa tumeshafika njiani tunasukuma baiskeli pale yule binti alipotufuata, mtoto mgongoni. Alimsemesha mwenzangu kwa lugha ya kwao, naye akanitafsiria. Alisema baba yake ameogopa, tumsamehe. Nikamwambia sisi ndio wa kuomba radhi. Kisha nikamuuliza, bila karatasi, kwa nini aliacha.

"Kuni," akasema. "Zamani tuliokota nyuma ya nyumba. Sasa miti imekwenda na kambi. Tunatoka alfajiri, tukirudi jua limepanda. Darasa lenu linaanza saa mbili."

"Tukijenga bweni?"

Alimtazama mtoto, akacheka kidogo. "Huyu atalala na nani?"

Mwenzangu akamuuliza kama chuo kikibadilisha saa angerudi kushona. Akafikiri. Akasema kushona ameshajua kiasi. Anachotaka ni Kiswahili. Zahanati wanamweleza kwa Kiswahili namna ya kumpa mtoto dawa, naye anaitikia ndiyo, ndiyo, kisha anakwenda kumuuliza jirani. Nikakumbuka kwamba hata darasani kwangu ndiyo ilikuwa jibu lake la kila siku, nami nilidhani ameelewa.

Jioni ile tulifuta swali la kabila na la asili. La bweni tuliliacha, lakini tukaliweka baada ya swali jipya lililomwachia mtu nafasi ya kusema atakacho: ungepata muda wa kujifunza, ungejifunza nini, na saa ngapi? Tukaenda kwanza kwa wale walioacha. Mwenzangu aliuliza kwa Kihangaza na mimi nikaandika. Majibu hayakufanana, lakini kuni na watoto vilirudi kila mara, na Kiswahili pia.

Mkuu alisoma muhtasari wetu. Alipomaliza alivua miwani.

"Kwa hiyo bweni hawalitaki."

"Hawakulikataa, mkuu," nikasema. "Tukiwaacha waseme wenyewe, hawalitaji."

"Na swali langu la asili mmelifuta."

"Lilifukuza watu," akasema mwalimu wa useremala.

Nilitegemea atagomba. Badala yake aliuliza kama tuliongea na watu walio mbali na kambi. Hatukuwa tumefanya hivyo. "Basi nendeni Kaniha," akasema. "Huko msitu bado upo. Wakisema hayo hayo, nitawaamini."

Kaniha iko upande wa Biharamulo, na huko tulikuwa na darasa la tawi katika jengo la shule ya msingi, nalo lilikuwa limedorora vilevile. Kuni zilikuwa karibu, lakini asubuhi ni ya jembe, wanawake wakatuambia, mchana ndio wanapumua. Kiswahili walikitaka pia. Baba mmoja Mwislamu alituomba jambo moja tu: Ijumaa mchana tusiwapangie kitu. Tuliandika hayo yote, na mkuu, alipoyasikia, aliitikia kwa kichwa akasema sawa, tujaribu.

Darasa la Kiswahili la mchana lilianza pale chuoni na mvua kubwa, na siku ya kwanza nilikaa peke yangu na chaki. Wiki iliyofuata wakaja. Tulitandika mikeka pembeni kwa ajili ya watoto. Mkuu alilalamika kuhusu kelele, kisha nikamwona mwenyewe akimbembeleza mmoja barazani. Tulisoma maneno ya zahanati, ya sokoni, ya ofisi ya kata. Darasa la uashi, ambalo nalo liliombwa na wengi, lilikufa kabla halijasimama, kwa sababu mwalimu wake alipata kazi kambini. Bweni halikujengwa muda wote niliokuwa pale, na nadhani mkuu hakuacha kuliota.

Yule binti wa Kanazi alikuja karibu kila siku hadi alipoweza kusoma bila kufuata maneno kwa kidole. Baadaye alikwenda kuuza chai Rusumo, kwa madereva wa malori wanaongoja karatasi za forodha. Nilimtembelea siku moja. Ubaoni alikuwa ameandika kwa mkono wake: CHAI, CHAPATI NA MAHALAGE. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, nikaiacha humo. Nilikaa nikaagiza mahalage.

Akiwa ananihudumia aliniuliza, kwa Kiswahili chake, kama mwaka ujao tutafundisha hesabu.

"Nitamuuliza mkuu," nikasema.

"Usimuulize, mwalimu. Mwambie kuna mtu ameomba."

Nilimwambia mkuu. Akataka kujua wengine wangapi wanaomba hesabu, na mimi na mwalimu wa useremala tukatia baiskeli upepo.