Itoka za Mpakani

Watiri akiulizwa leo anakumbuka nini zaidi katika miaka yake ya nguvu kule Othaya, hataji harusi wala bendera ya uhuru. Anataja kupalilia. Ukicheka atakukazia macho: "Cheka tu! Nyinyi siku hizi kila mtu na bomba lake la dawa ya magugu, hata jirani yako akifa utaambiwa na mbwa."

Ana haki ya kusema. Yeye na jirani yake Murugi walipalilia mpakani pamoja miaka kumi na minne, kila mmoja upande wake, migongo imeinama, midomo haifungi. Adui yao alikuwa thangari, ile nyasi ya kutambaa ambayo ukikata kamba moja zinaota tatu. Na katikati yao zilisimama itoka, maua yenye kiazi kikubwa chini ya udongo, yaliyopandwa na waume zao siku walipogawiwa mashamba. Waume wote wawili walishatangulia. Itoka ndizo zilizobaki kuwa mashahidi wa mpaka.

Basi mwaka wa sabini na saba, kahawa ikiwa na bei ya kumtia mtu wazimu, wakwe wakatuma habari: Jumamosi wanakuja kumposa Ngendo, binti ya Watiri. Na ua mzima ulikuwa umemezwa na thangari hadi mlangoni! Mgongo wa Watiri nao ulikuwa umegoma. Akashuka sokoni kwa Kobia, Mmeru aliyeuza dawa za shamba.

"Mama, iko hii ya pole pole," Kobia akamwambia. "Itachukua wiki mbili, lakini inashuka mpaka kwa mizizi. Na iko hii ya haraka. Inachoma kila kitu kijani, kesho kutwa imekauka. Lakini mizizi haigusi."

"Wageni ni Jumamosi. Nipe ya haraka."

"Sawa, lakini usiseme sikukwambia."

Akanyunyiza ua. Dawa ikabaki kwenye bomba, na Watiri si mtu wa kumwaga kitu alichonunua. Akaendelea nayo hadi mpakani. Jamani, tamaa ya robo bomba! Jumamosi wageni walisifu ua. Jumapili, Murugi akitoka kanisani, alikuta itoka zote zimelala chini, kahawia.

"Mama Ngendo, umechoma mpaka?"

"Ni dawa, Murugi, sikukusudia..."

"Ati dawa! Dawa iko na miguu? Sema unataka shamba yangu, bei ya kahawa imekuingia kichwani!"

Akampa kisogo. Toka hapo hapakuwa na salamu, wala chumvi ya kuazimana. Watiri alilia, halafu akakasirika, halafu akalia tena. Akachimba itoka nyingine kando ya mto, akazipanda kwa kukisia, na kwa hofu ya kuitwa mwizi akazisogeza hatua mbili ndani ya shamba lake mwenyewe. Mstari mzima wa kahawa yake ukabaki upande wa Murugi. Murugi hata hakuja kutazama.

Mvua za Oktoba zikaja. Thangari ikarudi ua wote, na Watiri akailaani dawa ile na duka lake. Asubuhi moja akasikia jembe mpakani. Akatoka mbio na kumkuta Murugi aking'oa itoka mpya, moja baada ya nyingine.

"Murugi! Hata hizo hazikutoshi?"

Murugi alinyoosha kidole nyuma yake. Pale pa zamani, katika mstari ulionyooka, itoka za waume zao zilikuwa zimechipua, kijani kibichi. Dawa haikuvifikia viazi. Watiri akaona, na Murugi alikuwa ameshaona, kwamba mstari wa kahawa ya Watiri ulikuwa umeachwa upande wa Murugi.

"Mwizi gani huyu," Murugi akasema, machozi yakimtoka, "anaiba akirudi nyuma?"

Akang'oa ya mwisho, akajifuta uso kwa leso.

"Leta jembe, Mama Ngendo. Thangari imetushinda."

Siku hiyo mgongo ulimuuma Watiri mpaka jioni, na hakumwambia mtu.