Amplifaya Iliyopoa Kupita Kiasi

Tarehe 11 Juni 1989, kitabu cha kumbukumbu cha Kanisa la Kibatisti la Pawpaw Fork, mashariki mwa Tennessee, kiliandika kwamba Verlin Hatmaker amekabidhiwa vyombo vya sauti "hadi apatikane mtu mwingine." Hajapatikana. Verlin sasa ana miaka sitini na tatu, na hakuna cheo duniani anachokipenda kuliko hicho.

Siku za kazi yeye ni mtu wa tanuru. Karakana yao hutengeneza povu la kaboni: lami inayotokana na makaa ya mawe huyeyushwa ndani ya kalibu hadi iumuke kama unga wa mkate, kisha huchomwa kwa joto la karibu nyuzi elfu tatu. Kinachotoka ni tofali jeusi lenye matundu madogo, uzito wake moja ya tano ya alumini, ilhali hupitisha joto karibu sawa nayo. Mgeni akifika nyumbani, Verlin humpa kipande na kumwambia akibane kwenye barafu. Joto la kiganja hupita, barafu hukatika kama siagi, vidole vya mgeni huganda. Mkewe, Ardith, ameuona mchezo huo mara nyingi mno. Siku hizi huficha barafu kabla ya kufungua mlango.

Kilichomweka Verlin mashakani ni amplifaya ya kanisa. Kila kiangazi ilichemka na kujizima katikati ya mahubiri, dakika ya arobaini hivi. Agosti hii ilikuwa inakaribia Jumapili ya Marejeo, ambapo waliohamia mbali hurudi kuabudu na kula pamoja uwanjani. Wiki moja kabla, shemasi Orrin Braden alimsimamisha mlangoni.

"Ndugu Verlin, ikizima tena mbele ya wageni, kazi nampa mkwe wangu."

"Tyce? Si juzi alishindwa kuwasha mashine ya kukatia nyasi?"

"Haikuwa na mafuta."

"Basi si ndiyo hayo nasema."

Verlin alichonga kipande cha povu kazini, akakisafisha vizuri. Jumamosi mchana akakibandika kwa gundi kwenye bamba la kupozea la amplifaya, akafunga na feni ndogo ya kusukuma hewa ndani ya matundu yake. Kifuniko kikagoma kufunga: povu lilizidi kwa upana wa kidole. Gundi ilikuwa imeshashika na msumeno ulikuwa mkononi. Akakata palepale.

Vumbi la kaboni hupitisha umeme. Kule karakana kuna tangazo ukutani linalokataza kukata povu karibu na chombo chochote cha umeme. Limeandikwa kwa mwandiko wa Verlin. Alipowasha, feni ilipuliza vumbi lote ndani ya saketi, ukasikika mlio kama wa chupa inayofunguliwa, na fyuzi ikaungua.

"Umeua amplifaya ya Bwana," alisema Ardith, akimmulikia kwa tochi ndani ya sanduku.

"Imezimia tu."

"Hata friji ulisema imezimia tu."

"Mulika, mama. Ya friji tutaongea Jumatatu."

Walinyonya vumbi kwa mashine ya kusafishia zulia, wakasugua kila kona kwa mswaki na spiriti, wakaweka fyuzi mpya. Kabla ya chakula cha jioni ikaamka.

Jumapili kanisa lilijaa. Dakika ya arobaini ilipofika, Mchungaji Delmas Ridenour alinyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri basi. Sauti haikukatika. Verlin aligusa sanduku. Lilikuwa vuguvugu tu. Mchungaji, ambaye kwa viangazi vingi alikuwa akihitimisha pale amplifaya inapohitimisha, akafungua ukurasa mwingine wa Biblia.

Alihubiri saa moja na dakika hamsini. Nje, chini ya turubai, kuku wa kukaanga walipoa, mikate ya mahindi ikakauka, na pudini ya ndizi ya Ardith ikageuka mchuzi.

Orrin ndiye aliyemfikia Verlin kwanza.

"Kazi ni yako, ndugu yangu. Hakuna anayebisha."

"Nilijua."

"Ila hilo dude jeusi litoke."

"Litoke? Si ndilo linaloipoza!"

"Ndiyo maana."

Ardith alikuwa akipita na bakuli lake. "Shemasi, pudini utakula au utakunywa?"

Jumatano mkutano wa kanisa ulipiga kura. Verlin alibakishwa kwenye vyombo vya sauti bila kupingwa. Kuhusu kuondoa povu, waliokubali walikuwa arobaini na mmoja, waliokataa wawili: Verlin na mchungaji.

Jumamosi hii asubuhi Verlin atafungua kifuniko na kulibandua.