Siku Kahindo Aliposema Ayubu

Ana majina mawili, na kwa miaka mingi mama yake hakulitumia la pili. Kahindo, basi. Kwetu Wanande jina la kuzaliwa linahesabu: ukisikia Kahindo, unajua kuna waliomtangulia. Waliomtangulia yeye ni Mumbere na Kambere, wavulana wawili waliouawa vitani asubuhi moja katika shamba la mihogo kule Mabalako, kabla mimba yake haijaingia. Jina la Jemima alipewa na baba yake, Siméon, kwa sababu pasta alimwambia kwamba Ayubu naye alifiwa na watoto wake wote, Mungu akamrudishia wengine, na Jemima alikuwa mmoja wao. Eti alimrudishia! Mtoto ni sufuria, ukiibiwa ununue nyingine sokoni? Lakini Siméon alihitaji kitu cha kushika, akalishika hilo mpaka kifo chake. Solange, mkewe, aliendelea tu kumwita Kahindo.

Msichana alikua na hamu moja: kutumwa. Wengine walitaka mume, wengine duka, yeye alitaka kusimama mbele ya watu wasiomjua na kuwapa Neno. Akaingia shule ya wamisionari, Butembo.

Pale hawaanzi na mahubiri. Unapewa kitabu cha Biblia, unakimeza chote, kisha unakisema mbele ya watu kwa mikono, macho na sauti, kana kwamba ulikuwepo. Asubuhi wanafunzi walitembea uani chini ya mikaratusi, kila mmoja akiongea peke yake, hata wapita njia wakawaita vichaa. Mwalimu wao, Éliakim, alifuata kwa kidole katika Biblia yake, na ukikosea anagonga meza. Ko! Umeanguka. Ukianguka siku ya mwisho, mbele ya kanisa, hutumwi popote, unarudi kwenu kupalilia maharage.

"Neno ya Mungu hapana mboga ya sombe," Éliakim alikuwa akifoka, "kila mutu aongeze chumvi yake!"

Kahindo akapewa kitabu gani? Ayubu! Wenzake wakacheka sana. "Weye uko mwenyewe mule ndani, dada!" Naye akafurahi, akaona ni ishara.

Alipokwenda likizo Mabalako alikuwa akijizoeza jikoni, mama yake akimenya mihogo. Akafika mwisho: kondoo wamerudi maradufu, ngamia maradufu, wana wengine, mabinti wengine, na mabinti wakatajwa mmoja mmoja. Kisu cha mama kikasimama.

"Na bale ba kwanza?" Solange aliuliza. "Majina yabo iko wapi?"

"Haiandikwe, mama."

"Batoto bazima banakufa, hata jina hapana? Lakini ngamia banahesabu!"

"Mama, ni vile iko."

"Donc weye utayasema. Ukifika pale, unasema Mumbere na Kambere. Ni maneno mbili tu. Itakuumiza kinywa?"

Kahindo alimtazama. Tangu mazishi hakuna aliyeyatamka majina yale mbele za watu. Siméon aliyakataza kwa sababu yalimtoa machozi, na majirani waliyakwepa. Mama huyu hakuwahi kumwomba chochote.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nitasema."

Ibada ya kuwatuma wanafunzi ilifanyika Beni, katika kanisa lililojaa mpaka madirishani. Solange alikuja kwa pikipiki kutoka Mabalako, amevaa kikwembe kipya, akakaa karibu na mbele. Éliakim alikaa mezani, Biblia wazi, ngumi tayari. Kahindo akasimama. Alisema vizuri, hilo nakubali! Alipojitupa majivuni kama Ayubu, wamama walilia. Marafiki wa Ayubu walipoanza maneno yao mengi, watu waliguna kwa hasira, maana wafariji wa namna hiyo tunawajua wote hapa.

Akafika mwisho. Kondoo, ngamia. Pale pale akamwona mama yake amejiinua kidogo kwenye benchi, midomo imeshajikunja kutamka Mumbere pamoja naye. Akaona pia ile ngumi juu ya meza. Kanisa lote likangoja.

Akaendelea. Wana wengine, mabinti wengine, na wa kwanza akaitwa Jemima. Meza haikugongwa.

Kelele gani hizo! Vigelegele, ngoma, Éliakim mwenyewe amesimama: "Hapana neno moja ilianguka!" Wakamwekea mikono kichwani, wakamtuma Kirumba, kule milimani kwenye baridi.

Alimkuta mama yake nje, akimtafuta dereva wa pikipiki. Kahindo akaanza kueleza: mwalimu, ngumi, miaka aliyohangaika. Alikuwa akilia. Solange alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta machozi kwa ncha ya kikwembe kile kipya.

"Umesema muzuri," akamwambia. "Aksanti, Jemima."

Akapanda pikipiki, akaenda.

Sasa yuko Kirumba, na watu wanampenda. Wanamwita sokoni wakati wa mchana, malori yakishusha viazi, awasemee Ayubu, na hajaanguka hata mara moja. Mama yake humpigia simu Jumapili, humuuliza kama amekula, kama mvua imenyesha, kama anafunika mwili vizuri na baridi ile. Humuuliza yote kwa upole, kama mama yeyote. Na kila mara humwita Jemima.