Karibu ya Mama Sabuni

Alipika katika shule ya bweni mpaka magoti yakamgomea, na miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama mtoto usoni. Alitazama sahani. Sahani ikija, upawa unashuka, upawa ukipanda, anasema, "Anayefuata." Wapo waliomaliza shule, wakaoa, wakaota vitambi, na wakikutana naye sokoni wanamwamkia kwa furaha. Yeye huitazama mikono yao kwanza, labda ataikumbuka.

Alipostaafu, kanisa halikumwacha apumzike. Lilikuwa na idara nne za huruma, kila moja na mwenyekiti wake na ugomvi wake: wafungwa, wajane, yatima, na wasio na makazi. Kwa kuwa mumewe alikwisha kutangulia, katika idara ya wajane alikuwa mpokeaji, na katika idara ya wafungwa alikuwa mtoaji. Unga ulikuja kwa mkono huu, sabuni ikatoka kwa mkono ule. Hakuona ajabu yoyote.

Sabuni ndiyo iliyompa jina. Gereza halikupokea miche mizima, maana ndani ya mche mtu anaweza kuficha kitu, kwa hiyo kabla ya kila ziara Mama Sabuni alikaa kibarazani akiikata kwa uzi wa nailoni, vipande vyembamba hata askari mwenyewe aone haya kuvipekua. Siku ya ziara mchungaji alihubiri kwa raha, kwa sababu kule hakukuwa na muumini wa kuchomoka katikati. Kisha wafungwa wakapanga mstari. Mkono ukija, kipande kinashuka, naye anasema, "Ukitoka, karibu nyumbani. Anayefuata."

Hakumaanisha kitu, na wala hakudanganya. Ilikuwa karibu ile anayoitoa mtu akiwa anakula mlangoni kwake na jirani akapita. Anayekaribishwa anajua kazi yake ni kusema asante na kushika njia. Watu wanaishi hivyo na hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumamosi moja mchana, mtu mmoja hakushika njia.

"Hodi hapa."

"Karibu," alijibu bila kuinua kichwa kwenye sabuni, na hapo akawa amejimaliza mara ya pili.

Mwanaume aliyeingia alikuwa na kifurushi kidogo cha nguo kwapani. Sura yake Mama Sabuni hakuijua kabisa. Lakini yule bwana aliponyoosha mkono kumsalimia, ukaonekana ule mkono usio na ncha ya kidole cha shahada, na mkono huo aliujua kama anavyoujua upawa wake.

"Shikamoo, mama. Ulisema nikitoka, karibu nyumbani. Nimetoka."

"Marahaba." Alitazama barabarani, kana kwamba msaada ungetokea huko. "Karibu chai."

Chai ikanywewa, ikaisha. Mgeni hakuondoka. Akaongezwa, akanywa, hakuondoka.

"Kwenu hawapo?"

"Mama alifariki nikiwa ndani. Ndugu wakagawana nyumba. Mimi fungu langu nilikuwa nimeshapewa na hakimu."

"Kosa lenyewe lilikuwa nini?"

"Mabati. Nilikuwa naezua nyumba za watu. Na kidole kilikwenda na kazi hiyo hiyo."

"Wenyewe wakiwa wapi?"

"Kanisani, mama. Jumapili ndiyo siku nzuri."

Mama Sabuni akafunika vipande vyake, akajitanda khanga, akamwambia asimame waende kanisani, safari hii na yeye aingie.

Wenyeviti wote wanne walikuwa kikaoni na mchungaji, wakipanga Siku ya Huruma. Mama Sabuni akaeleza habari za mgeni, na kosa lake. Mwenyekiti wa wafungwa alisema yeye anashughulika na wafungwa, na huyu, Mungu apewe sifa, si mfungwa tena. Mwenyekiti wa wasio na makazi alisema wake huwakuta mtaani, na huyu ametoka kunywa chai nyumbani kwa mtu. Mabati, maana ndivyo walivyokuwa wakimwita gerezani, alikohoa kwa adabu akasema wazazi wake wote wawili ni marehemu. Mwenyekiti wa yatima akamjibu kwa upole kwamba yatima wao wana kikomo cha umri.

"Si alale ghalani kwa muda?" mchungaji aliuliza. Alikuwa mtu mwema, ila mwoga wa vikao.

"Ghalani kuna mabati ya jengo jipya," akasema mwenyekiti wa wafungwa.

Wote wakamtazama Mabati. Mabati akatazama viatu vyake.

"Basi tumwombee," mchungaji akasema. Wakamwombea kwa kirefu. Walipofumbua macho, bado alikuwepo.

Mwenyekiti wa wajane alikuwa shoga yake Mama Sabuni tangu ujana. Alimvuta pembeni. "Nakuona unavyomtazama kwa huruma. Sikiliza, shoga. Mjane anayelaza mwanaume kwake, kwetu si mjane tena. Nitakutoa, na unga wangu usiutafute. Usije ukasema sikukuambia."

Mama Sabuni alipiga hesabu. Unga ule ulikuwa nusu ya chakula chake, na shoga yule ndiye mtu pekee aliyekuwa akija kumjulia hali. Kwa upande wa pili kulikuwa na ile mikono yote aliyoikaribisha mwaka baada ya mwaka. Kama huyu hana pa kwenda, basi yeye alikuwa mwongo mbele ya kila mmoja wao, tena mwongo wa kanisani.

"Nilimkaribisha mimi," akasema. "Si idara."

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na banda lenye mlango wa kijani, zamani la kuku. Alimtandikia mkeka humo, akampa blanketi, akamtakia usiku mwema. Kisha akarudisha komeo kwa nje, polepole, lisilie. Alijiambia ni kwa ajili ya paka wa jirani. Kuku wa mwisho wa banda lile alikuwa ameliwa siku ya mazishi ya mumewe.

Asubuhi alilivuta komeo na kufungua. Mabati alikuwa amesimama nyuma ya mlango, blanketi limekunjwa, viatu mkononi, macho chini.

"Shikamoo, afande," akasema. Kisha akashtuka. "Nisamehe, mama."

Mama Sabuni aliona aibu. Akashika mwimo wa mlango.

"Ulijua nimekufungia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mama? Niliposikia komeo, nikapata usingizi. Nimezoea."

Hapo ndipo alipomtazama usoni sawasawa kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana kuliko mikono yake, wa rika la wale waliopita mbele ya upawa. Alikuwa na macho ya mtu anayesubiri kuambiwa afanye nini, na Mama Sabuni akajiuliza ni wangapi wenye macho hayo aliowahi kuwaambia "anayefuata."

"Wewe si fundi wa kung'oa?" akamwambia. "Ng'oa hilo komeo."

Aling'oa kwa kijiko, upesi kiasi cha kutia wasiwasi.

Mabati akabaki. Shoga alitimiza neno lake, na unga ukakoma. Mabati akapata kibarua cha kubeba mbao, akaanza kuja na unga wake mwenyewe. Bati la jikoni lilikuwa likivuja, na Mama Sabuni akamwuliza kama kuezeka anajua. "Sijawahi," akajibu. "Ila nadhani ni ile ile, unaanzia mwisho." Jiko linavuja bado, lakini mahali pengine.

Ziara ya gereza ikafika. Mchungaji akahubiri, mstari ukapangwa, mkono wa kwanza ukaja. Mama Sabuni akainua macho. Juu ya mkono kulikuwa na mzee mwenye jicho moja bovu, akingoja sabuni yake na karibu yake kama kawaida. Kipande kikabaki hewani. Mchungaji akakohoa.

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Banda lilikuwa na nafasi ya mkeka mmoja zaidi, labda miwili wakilala ubavu, na alikuwa hana unga wa idara wala shoga. Aliogopa, na aliogopa kweli.

"Ukitoka, karibu nyumbani," akasema. Akaweka kipande kiganjani, lakini hakuuachia mkono. "Ukivuka mashine ya kusaga, nyumba ya tatu. Mbwa anabweka, hana meno. Nyuma kuna banda lenye mlango wa kijani. Halina komeo. Unasukuma tu."

Mzee hakusema asante. Midomo yake ilikuwa ikirudia taratibu, mashine, ya tatu, kijani. Nyuma yake mstari wote ulikuwa umeinamia mbele kusikiliza, hata askari.

"Mama," mtu mmoja akaita kutoka mwisho kabisa. "Samahani. Huku nyuma hatujasikia."

Akarudia, kwa sauti yake ya jikoni.