Siku Niliyokwama Chini ya Sinki

Kuna watu wameaibika kanisani, kuna walioaibika kazini, na hapa kwetu Umoja, Nairobi, yuko bwana mmoja aliyeaibika kwenye harusi yake mwenyewe, lakini bado sijasikia mwingine aliyeaibika ndani ya kabati la sinki, amevaa fulana na kaptula ya ndani, mbele ya mama aliyemzaa mke wake. Kwa hiyo nawasimulia mwenyewe. Mkiisikia kwa majirani mtaisikia imetiwa chumvi, na jambo lenyewe, ndugu zangu, halihitaji chumvi hata punje.

Chanzo chake ni wivu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwangi, ambaye sote tulimwita Baba Njeri, muuza mbao, mtu wa kucheka sana. Tulihamia estate mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukapewa nyumba zinazofanana kama mayai, kisha kila mtu akaanza kujiongezea chumba kadiri ya nguvu zake, na Mwangi (mwenye mbao zake na lori lake) akaongeza kutuzidi wote. Mimi nilivumilia chumba cha kwanza, nikavumilia cha pili, nikavumilia hata lile geti jekundu. Lakini jioni moja mke wangu, Mwikali, alirudi kutoka kwa Mwangi akaketi, akavua viatu, akasema kama mtu anayeota:

"Mama Njeri amejengewa meza kubwa katikati ya jikoni. Wewe unakata sukuma wiki upande huu, mwenzako anasonga ugali upande ule, na hakuna anayemkanyaga mwenziwe. Raha!"

Neno hilo "raha" lilinichoma. Nilikuwa nimemtengenezea Mwikali rafu, stuli, kitanda cha mtoto, na banda la kuku lisiloingiza mvua, na hakuna hata kimoja alichokiita raha. Kesho yake nilikwenda kwa Mwangi kuazima nyundo (nyumbani ninazo mbili) ili niione meza hiyo kwa macho yangu. Ilikuwa imetengenezwa vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningefurahi sana kuikuta imepinda.

Mimi kwa kazi nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Shule yangu ilikomea darasa la saba, na mengine yote nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti na vitabu vikuukuu vinavyouzwa vikiwa vimetandazwa chini mjini, kamusi ikiwa pajani. Basi nikatafuta, nikapata jarida la ng'ambo lenye picha za majiko ya watu matajiri, na humo nikagundua kwamba meza kama ile ya Mwangi wenyewe wanaiita kisiwa, kwa sababu imezungukwa na njia pande zote kama vile kisiwa kilivyozungukwa na maji. Tena nikagundua kwamba visiwa vilivyo bora huwa na sinki juu yake. Hapo nikamwona Mwangi amekwisha. Kisiwa chake kilikuwa kikavu!

Nilipomweleza Mwikali kwamba nitang'oa sinki pale lilipokuwa, chini ya dirisha la uani, nilipeleke katikati, aligeuka akalitazama dirisha.

"Si liko sawa tu pale?" akauliza.

"Utaona," nikasema.

(Hilo "utaona" limenitesa sana baadaye, maana kweli aliona.)

Nilijenga kwa mkono wangu kila Jumamosi baada ya kazi. Nilichimba sakafu nikapitisha mabomba, nikasimamisha kuta fupi za matofali, nikaweka juu ubao laini wa fomaika nyeupe, na chini nikazungusha makabati pande zote nne, la sahani, la sufuria, la unga na nafaka, na lile refu la chini ya sinki lenye mabomba na sabuni. Kila kabati nikalipaka herufi, kama tufanyavyo stoo, ili kitu kikitumika kirudishwe mahali pake. Ikawa nikiomba chumvi mezani Mwikali ananijibu kwa upole, "Ya herufi gani, Baba Mutheu?" Mutheu ndiye binti yetu, wakati huo akiwa wa kutambaa uani na kula udongo.

Kasoro ilikuwa moja, nami niliijua nikaifumbia macho. Majiko ya kwenye jarida yalikuwa makubwa kama darasa, na langu lilikuwa jiko la Umoja. Njia ya kuzunguka kisiwa ilimtosha mtu mmoja akipita upandeupande, na mlango wa uani, unaofungukia ndani, ulikuwa ukigusana na mlango wa lile kabati la sinki kama majirani wanaoamkiana.

Sasa niwaeleze habari za mama mkwe. Tangu nimwoe Mwikali, mama yake hakuwahi kukanyaga nyumba yangu. Alikuwa amemtakia binti yake karani mwenye vyeti, akapata mtunza stoo mwenye kamusi. Mwikali hakuwahi kunilaumu, lakini kila mtoto wa mwenziwe alipotembelewa na bibi yake nilimwona anavyogeuza uso. Mwaka huo mama alituma habari kutoka Ukambani kwamba anakuja kumwona Mutheu, na Mwikali alilia kwa furaha hadi akaunguza maharagwe. Akaniambia, "Akiondoka hapa ameridhika, mimi sina ninaloomba tena." Nami moyoni nikaongeza langu: akione kisiwa changu, aseme hajaona kama hicho, na Mama Njeri awe amesimama pale anasikia.

Na asiye Mkamba ajue kwamba kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wana nthoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawapiti mahali pembamba pamoja. Wakikutana njiani kila mmoja hutafuta kichaka chake. Kwa hiyo mpango ulikuwa wazi: Mwikali ampokee mama yake kwenye kituo cha mabasi, mimi nilete nyama kutoka soko la Burma, niiweke jikoni, kisha niondoke niende nikakae kwa rafiki mpaka jioni.

Nyama nilileta, nikaiweka. Nilikuwa nimevaa suti yangu, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, nikasikia: to... to... to... Maji yanadondoka ndani ya kabati la sinki.

Ningeondoka, nisingekuwa na la kuwasimulia leo. Lakini nikamwazia Mama Njeri akiliona lile tone, akiinua nyusi moja. Nikasema ni dakika chache tu. Nikavua suti nisiichafue, nikaikunja nikaipeleka chumbani, nikabaki na fulana na kaptula ya ndani, nikachukua spana nikaingia kabatini mzimamzima, magoti yakiwa masikioni, nikafungua ile sehemu ya bomba iliyopinda ili nibadilishe mpira wake. Nilikuwa nimefikiri kila kitu: mgeni wa heshima huingia kwa mlango wa mbele, nitasikia, nitachomoka kwa mlango wa uani.

Ndipo mlango wa uani ukafunguka.

Ukausukuma ule mlango wa kabati, kabati likafungwa, kile kibanio cha chuma nilichokitia kwa nje (imara kabisa, najua kazi yangu) kikalia ta! Nikawa gizani na spana mkono mmoja na kipande cha bomba mkono wa pili.

"Mama, kwa nini upitie jikoni kama mwizi?" ilikuwa sauti ya Mwikali.

"Nipite mbele nikutane na mumeo uso kwa uso? Mimi sikufunzwa hivyo," akajibu mama mkwe. "Na hapahapa jikoni panatosha. Nipe stuli."

Mnaona? Mimi nilimkwepa yeye kwa mlango wa uani, na yeye akanikwepa mimi kwa mlango uleule. Mtoto yeyote wa Kikamba angelijua hilo. Mimi nilikuwa nimesoma jarida.

Ningegonga mapema labda mambo yangekuwa madogo, lakini nitatokaje vile nilivyo, nikitambaa miguuni pake? Nikaamua kunyamaza mpaka watoke. Badala ya kutoka, wakaongezeka. Nikasikia Mama Njeri akiingia. "Karibu Nairobi, mama! Shikamoo! Na hii ndiyo meza ya Baba Mutheu."

"Hii?" mama mkwe akauliza. "Nilidhani ni kaburi."

Wakacheka. Mwikali naye akacheka, nami kule ndani nikajisikia joto la masikio.

"Mumeo ndiye aliyekujengea?"

"Ndiye, mama. Ana mikono."

"Na ulimwomba?"

Nikabandika sikio kwenye mlango wa kabati.

"Sikumwomba," Mwikali akasema taratibu. "Mimi nilipenda sinki likae dirishani. Nikiosha vyombo nilikuwa namwona Mutheu akicheza uani. Sasa naosha nikiwa nimempa mgongo, kila mara nageuka. Lakini yeye alikuwa na furaha sana akijenga. Ningemwambiaje?"

"Na si ulisema kwangu ni raha?" akauliza Mama Njeri.

"Raha ni kupika na wewe, wewe! Meza ni meza tu."

Ndugu zangu, nimewahi kuangukiwa na kreti kiwandani, lakini uzito ule sikuwahi kuujua. Nilikuwa nimeionea wivu meza, kumbe mke wangu aliyekuwa akiisifu alikuwa hajaitazama vizuri.

Sikupata muda wa kuhuzunika. Mama mkwe alisema anataka kunawa, akafungua mfereji.

Bomba lililokuwa chini ya sinki, mtakumbuka, nilikuwa nimelishika mkononi. Maji yote yakanishukia utosini, ya baridi, kisha na sabuni. Nikafumba macho, nikauma fulana. Ningevumilia, naapa ningevumilia, lakini maji hayana nthoni. Yalipojaa kabatini yakapenya chini ya mlango yakawafuata miguuni.

"Mbona hili kaburi linalia?" mama mkwe akasema, akainama, akafyatua kibanio.

Tukatazamana.

Sijui aliona nini hasa. Mimi niliona uso wa mama mtu mzima ukisahau jina lake. Kisha akapiga ukelele, "Aiyaa! Mwikali! Mtu!" akajifunika leso usoni, akakimbia. Nami nikatoka kwa kishindo na kukimbia upande wa pili nimwondolee macho. Sasa fikirini. Yeye haoni, amejifunika. Mimi sioni, macho yana sabuni. Na kisiwa kimezungukwa na njia pande zote, kama jarida lilivyosema, kwa hiyo nilipokimbia kumkwepa upande wa kabati la sahani nikamkuta upande wa kabati la unga. Akapiga ukelele akageuka. Nikageuka nami. Tukakutana tena kwenye sufuria.

"Baba Mutheu, simama!" Mwikali akalia.

"Hapana, kimbia!" Mama Njeri akasema, ameshika mbavu.

"Nikimbilie wapi?" nikauliza, na hilo lilikuwa swali la kweli.

Mlangoni akatokea Mwangi aliyesikia kelele, na nyuma yake nusu ya mtaa wetu. Akanitazama toka juu hadi chini, povu likinichuruzika. "Niaje, jirani? Mbona unaoga jikoni, bafu limehama nalo?" Mtaa mzima ukaangua kicheko, kisha yeye (sitamnyima haki yake) akavua koti lake akanifunika, akanitoa nje huku amenikinga kwa mwili wake. Kukataa sikuwa na uwezo nako, na kumshukuru hakukunitoka kinywani. Nilikuwa nimevaa koti la mtu niliyemwonea wivu, na lilikuwa koti zuri.

Mama mkwe alikataa kurudi ndani ya nyumba yangu. Siku nzima alikaa kwa Mama Njeri, akala huko, akambeba Mutheu huko, na mimi nikiwa chumbani kwangu nilimsikia kupitia ukutani akisema kwamba meza ile ni nzuri ajabu, hajaona kama hiyo. Maneno yangu yote niliyoyataka, yakaenda nyumba ya pili. Jioni akapanda basi bila kuaga. Mwikali alirudi, akakausha maji kwa kitambaa, hakunigombeza hata kidogo. Ningependa angenigombeza.

"Nilikusikia," nikamwambia. "Habari ya dirisha."

"Najua," akasema. "Ulikuwa umekaa karibu."

Jumamosi iliyofuata nilibomoa. Nikarudisha sinki dirishani, nikatia viraka sakafuni, na makabati nikayapanga ukutani baada ya kumwuliza mpishi kila moja analitaka wapi (chumvi aliitaka juu, karibu na jiko, mahali ambapo mimi nisingeiweka kamwe). Kisha nikatuma wazee Ukambani na mbuzi, kama desturi inavyodai kwa mtu aliyevunja nthoni, na kwa muda mrefu hatukupata jibu, na katika muda huo nilimwona Mwikali akiosha vyombo dirishani, akimtazama mtoto, haimbi kama alivyozoea.

Jibu likaja lenyewe kwa miguu yake. Asubuhi moja tukasikia sauti nje ya ua, ya mama aliyesimama mbali na mlango, mzigo wa mbaazi kichwani, akiita kwa nguvu mtaa wote usikie:

"Mwikali! Kabla sijaingia, mumeo yuko kabati gani leo?"

Mwikali akaacha sahani majini akatoka mbio. Nami nilikuwa nimekwisha kuruka geti la mbele nikiwa nimevaa kamili hadi tai, na kutoka barabarani nikajibu kwa sauti ya juu kabisa, "Niko nje, mama! Karibu!"

Ndivyo anavyokuja hadi leo, ndivyo anavyouliza, na majirani hucheka kila mara kama wanaisikia kwa mara ya kwanza. Wacheke. Mwangi amesikika akisema atapandisha ghorofa, na nimeapa kwamba nitaitazama ikipanda, nitameza mate, nitampa hongera, na sitaazima nyundo.